Kosa la Aliye Mbali

Katika mwezi wa Oktoba 2022 wanafunzi tisa wa chuo kikuu walikamatwa mjini Kampala, wakapelekwa gerezani Luzira. Walikuwa wameandamana kupinga bomba la mafuta la kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa na wenziwe, lenye urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima hata Tanga. Mafuta yenyewe yako kandokando ya Ziwa Albert, ambalo ng'ambo yake ni Kongo.

Mkatekumeni wa Rughenda atauliza: Haya yanahusianaje na Amri za Mungu? Na asikilize. Mfalme Akabu hakumtendea Naboti kwa mikono yake. Alikuwa amelala kitandani. Barua aliziandika Yezabeli. Hata hivyo Eliya alitumwa kwake yeye, akamkuta ndani ya shamba lile lile.

Vivyo hivyo hewa chafu itokayo katika mafuta yachomwayo mbali huzuia joto la dunia lisitoke, na majira ya mvua huvurugika. Mwenye maharage mlimani hamwoni amdhuruye, wala huyo hamwoni yeye. Katekisimu yafundisha kuwa mwizi hapati ondoleo kwa majuto matupu, yampasa kurudisha. Wanafunzi wale waliomba lililo dogo kuliko hilo: kisiongezwe kingine juu ya kilichokwisha kuchukuliwa.

Kweli, mtu wa Rughenda naye huchoma makaa, na atajibu kwa miti yake. Lakini gunia lake halilinganishwi na mapipa 216,000 yaliyokusudiwa kupita bombani kila siku.