Kibali Kwanza, Kidonge Baadaye

Ndugu zangu wanamichezo wenye ulemavu: ninyi mnaosukuma viti mwendo, ninyi mnaokimbia bila kuona, ninyi mnaonyanyua vyuma mkiwa mmelala juu ya benchi! Nanyi makocha, madaktari na waongozaji wao! Nina neno moja kwenu: ikataeni huruma inayotaka kuwaondoa chini ya sheria za dawa michezoni.

Huruma hiyo mnaijua. Inanong'onwa pembeni mwa viwanja: "Huyu ni mlemavu, nani atampima? Nani ana moyo wa kumfungia mtu asiyeona?" Msidanganyike. Anayesema hivyo anakudharau. Kwake ushindi wako ni mchezo wa watoto, ndiyo maana hata wizi wako hauhesabu kuwa wizi.

Sheria haikudharau hivyo. Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki inafuata kanuni zilezile za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, zinazombana mkimbiaji wa Olimpiki. Ukikutwa umetumia dawa za kujenga misuli kwa makusudi, unafungiwa miaka 4. Wapimaji wakikukosa mara tatu ndani ya miezi 12 mahali ulipoandika kuwa utapatikana, unaweza kufungiwa miaka 2. Na kilichokutwa mwilini mwako ni chako, awe amekupa kocha, daktari au mama yako mzazi. "Sikujua" huweza kupunguza adhabu, medali hairudishi.

Kumbukeni Barcelona, mwaka 1992. Wanaume wa Marekani walishinda fainali ya mpira wa kikapu wa viti mwendo. Mchezaji mmoja akakutwa na dawa ya kutuliza maumivu iliyokatazwa. Timu nzima ikavuliwa dhahabu, ikapewa Uholanzi. Kidonge cha mmoja kiliwavua wote!

Mtaniuliza: tufanye nini sisi tunaoishi kwa dawa? Maumivu ya mgongo hayangoji ratiba ya mashindano. Swali hilo ni la haki, na sheria imelijibu. Kipo kibali cha kutumia dawa kwa matibabu. Onyesha kwa vyeti vya daktari kwamba unaumwa kweli. Kwamba dawa hiyo inakurudisha kwenye afya yako ya kawaida na haikuongezei nguvu juu yake. Kwamba hakuna dawa halali inayoweza kushika nafasi yake. Omba angalau siku 30 kabla ya mashindano. Na orodha ya dawa zilizokatazwa hubadilika: tramadoli, ambayo wagonjwa wengi wa maumivu huandikiwa hospitalini, imekatazwa wakati wa mashindano tangu Januari 1, 2024. Iliyokuwa halali msimu mmoja ikakufungia msimu uliofuata! Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanamichezo akificha dawa yake, maabara humuumbua.

Na lipo ovu jingine lisilohitaji hata kidonge. Mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu, mapigo ya moyo wake hayapandi kwa urahisi anaposhindana. Basi wapo wanaojiumiza mahali wasipohisi: huziba mpira wa mkojo ili kibofu kijae, hukaza mikanda miguuni, hata huvunja kidole cha mguu, ili presha ipande na mwili upate nguvu. Kamati ya Paralimpiki imelipiga marufuku jambo hili tangu 1994. Namba ya juu ya presha ikifika 160 kabla ya kuanza, unapimwa tena; isiposhuka, hushindani. Presha hiyo hupasua mishipa ya ubongo. Mwili ambao Mungu ameubakiza hai, wewe unautesa kwa ajili ya sekunde chache? Usithubutu!

Nanyi viongozi, msijifiche nyuma ya wanamichezo. Agosti 2016 Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki iliifungia Kamati nzima ya Paralimpiki ya Urusi, baada ya ripoti ya mchunguzi Richard McLaren kufichua mpango wa serikali wa kuficha majibu ya vipimo. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikauunga mkono uamuzi huo, na Warusi wakaikosa michezo ya Paralimpiki ya Rio. Waliokuwa safi walilipa deni la wakubwa wao. Kiongozi anayefumba macho leo anawaandalia vijana wake siku kama hiyo.

Na mmewafundisha? Asiyeona mmempa orodha ya dawa zilizokatazwa kwa nukta nundu au kwa sauti? Kiziwi mmemwekea mkalimani wa lugha ya alama? Anayetumia mfuko wa mkojo anajua kwamba lazima aumwage kwanza, sampuli itoke mpya? Asiyeona anajua kwamba ana haki ya kuingia chumba cha vipimo na mtu anayemwamini? Mwongozaji ameambiwa kwamba naye hupimwa? Kumwacha mtu afungiwe kwa sheria ambayo hakuna aliyemsomea ni dhuluma, na dhuluma hiyo ni yenu.

Basi amkeni! Mwanamichezo, leo hii toa kila dawa unayotumia, ya hospitali na ya mitishamba, pamoja na unga wa kujenga mwili, ukaulizie moja baada ya nyingine. Mkenya, nenda ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, linaloongozwa na sheria ya mwaka 2016. Daktari, muulize mgonjwa wako kama anashindana kabla hujamwandikia. Kocha, ukimwona mtu anazunguka kambini na sindano, mfukuze na umripoti. Kiongozi, toa mafunzo kabla hujatoa jezi.

Mmepigania miaka mingi kuitwa wanamichezo kamili. Mwanamichezo kamili hupimwa, huulizwa, na akikosa huadhibiwa. Simameni mpimwe kama wengine, mkashinde kama wengine!