Mmoja atazama, mwingine aamia: Nani anamdai mwenzake?

Kila mwaka, kati ya mwezi wa Julai na Novemba, nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari ya barafu ya kusini na kuja kuzalia katika maji yetu ya joto. Huonekana Mafia, huonekana Unguja, na huonekana Watamu kule Kenya. Wenye uwezo hukodi boti wakaenda kuwaangalia. Wengine huenda Kizimkazi kwa ajili ya pomboo, au Mafia kumuona papa potwe kuanzia Oktoba. Wengine huenda Saadani, hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, ambako pori hufika hadi kwenye mchanga wa bahari na mwenye bahati humuona tembo karibu kabisa na mawimbi.

Sehemu ya kaskazini ya hifadhi hiyo imo katika mkoa wa Tanga. Ndani ya mkoa huohuo, ukiiacha pwani na kupanda bara hadi wilaya ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara, utafika Mashewa. Huko nako wapo watu wanaokesha wakiwaangalia wanyama. Mahindi yakianza kukomaa, mwenye shamba hujenga dungu, akapanda juu na debe lake la kugonga. Mchana anamngoja nyani na ngedere. Usiku anamngoja nguruwe mwitu, mnyama ambaye hata akifa mtegoni, mwenye shamba Muislamu hapati kitoweo. Mara nyingi anayekaa dunguni ni mtoto ambaye saa hiyo alipaswa kuwa darasani.

Kiswahili chetu hakikuwachanganya watu hawa wawili. Yule wa kwenye boti tunasema anatazama. Huyu wa dunguni tunasema anaamia. Wote wamekodoa macho, wote wanamngoja mnyama atokeze. Lakini mmoja akimuona anashukuru, na mwingine akimuona anapiga kelele. Swali ninalotaka tulijadili ni hili: je, baina ya mwenye kutazama na mwenye kuamia kuna deni lolote? Na kama lipo, nani anamdai mwenzake?

Wapo watakaosema kuwa hakuna deni. Kutazama hakupunguzi kitu, watasema. Nyangumi aliyetazamwa na watu mia ni yuleyule, hakumegwa hata kipande. Tena mtazamaji amekwishalipa kiingilio, amelipa boti na amelipa mwongozaji. Anadaiwa nini zaidi?

Ndugu msomaji, sisi ndio watu ambao tusingepaswa kuikubali hoja hiyo upesi. Katika dini yetu jicho lina adabu zake. Tumefundishwa kuinamisha macho, na tumefundishwa katika Surat an-Nur kutoingia nyumba ya mtu mpaka tuombe idhini na kutoa salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Mswahili akaiita hodi. Unapiga hodi mara tatu. Usipojibiwa, unaondoka bila kinyongo. Maana ya haya yote ni kwamba kutazama ni kitendo. Anayetazamwa ana haki zake, na macho yanaweza kudhulumu hata kama mkono haukugusa.

Basi tuanze na haki ya mnyama mwenyewe. Nyangumi jike anapokuwa katika maji yetu huwa kwa kiasi kikubwa hali kitu. Chakula chake amekiacha kusini, na kwa miezi hiyo anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini. Kwa mafuta hayohayo ndiyo anamnyonyesha mtoto aliyezaliwa akiwa na urefu wa zaidi ya mita nne. Kila boti inayomfukuza inamlazimisha kutumia nguvu ambayo hana pa kuirejesha mpaka atakaporudi kwenye barafu. Mtazamaji anadhani hakupunguza kitu, kumbe amepunguza maziwa ya mtoto.

Kizimkazi ni mfano ulio karibu nasi zaidi. Huo ni mji ambao Waislamu tunaujua kwa msikiti wake wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria. Kabla ya utalii wa pomboo kushika kasi katika miaka ya 1990, wanyama hao walikuwa wakivuliwa na nyama yao kutumiwa kama chambo cha papa. Kwa hiyo tuseme ukweli, jicho la mgeni limewaokoa na chusa. Lakini watafiti waliowachunguza baadaye walibaini kuwa boti za watalii zinapowazunguka, pomboo hupumzika kidogo na huhangaika zaidi. Wameokolewa na kifo, lakini hawajaachwa wakalala. Canada, kwa kanuni za mwaka 2018, kwa kawaida chombo hutakiwa kukaa si chini ya mita 100 kutoka kwa nyangumi, na mita 200 iwapo amepumzika au ana mtoto. Hiyo ndiyo hodi ya baharini. Mama akigeuka akaenda zake, amekwishakujibu, na adabu ni kuzima mashine na kumwacha. Qur'an inatufahamisha katika Surat al-An'am, aya ya 38, kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Umma haukuumbwa uwe sinema ya umma mwingine.

Haki ya mnyama, hata hivyo, ndiyo nyepesi kuielewa, na watu wengi wa mjini wataikubali. Nzito ni haki ya yule wa dunguni.

Tujiulize: yule nguruwe anayeingia shambani usiku pale Mashewa, au tembo anayevuka na kukanyaga mahindi katika vijiji vingine vya mkoa wa Tanga, ni mali ya nani? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imejibu. Inasema wanyama wote ni mali ya umma, wamekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wa Tanzania. Mkulima hawezi kumwinda bila kibali. Amepewa nafasi ya kujihami pale maisha au mali yake inapokuwa hatarini, lakini akimuua mnyama katika kujihami, nyara bado ni ya serikali. Kwa maneno mengine, mnyama yule ana mwenyewe. Mwenyewe ni mimi, ni wewe, ni sisi sote.

Na je, mnyama wa mtu akila shamba la mtu hukumu yake ni ipi? Kesi hii ni ya zamani sana. Qur'an, katika Surat al-Anbiyaa, inataja hukumu ya Nabii Daud na Nabii Suleiman (a.s.) juu ya kondoo walioingia shambani usiku. Wafasiri wanaeleza kuwa Nabii Suleiman aliamua mwenye shamba apewe kondoo ale maziwa na manyoya yao, na mwenye kondoo akalihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja achukue chake. Aidha imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sunan ya Abu Daud kuwa Mtume (s.a.w.) aliamua juu ya ngamia aliyeharibu bustani. Kulinda shamba mchana ni juu ya mwenye shamba, na kinachoharibiwa na mnyama usiku ni juu ya mwenye mnyama. Ukitazama kwa mizani hiyo, mkulima wa Mashewa ameibeba zamu yake ya mchana, kisha akaibeba na zamu ya usiku ambayo si yake.

Mwanachuoni ataweza kunipinga hapa, na hoja yake ina uzito. Atasema mnyama wa porini si kondoo wa mtu. Katika fiqhi hana mmiliki, na asiye na mmiliki hana wa kumdhamini. Madhara yake ni kama mafuriko au upepo, ni mtihani kutoka kwa Mwenyezi Mungu (s.w.), na mja hutakiwa kusubiri.

Hoja hiyo ingesimama kama kweli tungemwacha mnyama bila mmiliki. Zama ambapo nguruwe wa porini hakuwa wa mtu, mkulima naye alikuwa huru kumtega, kumpiga na kumfukuza atakavyo. Uhuru wake ulikuwa ndiyo fidia yake. Sisi tumeuondoa uhuru ule kwa sheria, tukasema mnyama ni wetu, na tuna sababu nzuri za kusema hivyo, kwani bila ulinzi wengi wangekwisha. Nyangumi wenyewe ni shahidi. Katika karne ya 20 zaidi ya nyangumi 200,000 wenye nundu waliuawa katika bahari za kusini mwa dunia, mpaka walipopigiwa marufuku kuvuliwa huko mwaka 1963. Silalamikii ulinzi. Ninachosema ni kuwa huwezi kuwa mmiliki wakati wa kukusanya kiingilio, kisha ukawa si mmiliki wakati wa kuhesabu magunia yaliyoliwa. Kanuni ya wanavyuoni ni kuwa faida huandamana na dhamana. Mwenye kula tamu ya kitu ndiye abebaye chungu yake.

Serikali ililiona hilo kwa kiasi fulani. Mwaka 2011 zilitoka kanuni za malipo kwa wanaodhuriwa na wanyama hatari. Kwa aliyeharibiwa mazao yanaitwa kifuta jasho, na kwa aliyeuawa ndugu yanaitwa kifuta machozi. Hebu tuyatafakari majina haya. Jasho linafutwa, halilipwi. Anayefutwa jasho amefanyiwa hisani, na mwenye hisani hutoa akipenda, kiasi apendacho, siku aitakayo. Anayelipwa fidia amepewa haki yake, na haki ina kiwango na ina siku. Tofauti ya maneno haya mawili ndiyo tofauti ya kumuona mwenye dungu kama fukara wa kuhurumiwa na kumuona kama mtu tunayemiliki naye mnyama, ambaye sehemu yake ya gharama imezidi.

Itasemwa pia kuwa hifadhi zina mpango wa ujirani mwema, na kwamba TANAPA hujenga madarasa na zahanati katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Ni kweli na ni jambo jema. Lakini nguruwe na nyani hawaishi ndani ya hifadhi za Taifa peke yake. Mashewa hakuna lango la watalii. Hakuna tiketi inayokatwa pale, na kwa hiyo hakuna asilimia ya kurudishwa. Kijiji kina wanyama wa kutosha kuliwa mazao, na hakina wa kutosha kuletewa wageni.

Kwamba jambo hili linaweza kupangwa vizuri zaidi, upo mfano kule Canada magharibi, katika pwani yenye misitu iitwayo Great Bear Rainforest, ambako watu huenda kutazama nyangumi na dubu. Mwaka 2016 yalifikiwa makubaliano ya kuzuia ukataji miti katika asilimia 85 ya msitu huo, na mataifa ya wenyeji wa asili walikaa mezani kama wenye nchi. Mwishoni mwa mwaka 2017 uwindaji wa dubu aina ya grizzly kwa ajili ya nyara ulipigwa marufuku katika jimbo hilo. Katika kijiji cha Klemtu wenyeji wenyewe ndio wenye hoteli ya wageni wanaokuja kumtazama dubu. Hapo anayeishi na mnyama ndiye anayekaribisha mgeni, ndiye anayepokea, na ndiye anayesema leo msiende.

Msomaji wa Kariakoo au wa Ngamiani atasema: haya hayanihusu, mimi sijawahi kukanyaga Saadani, nyangumi namuona kwenye televisheni. La, yanakuhusu. Kwanza, kwa sheria ile ya 2009 wewe ni mmoja wa wanaomiliki. Pili, gunia la mkaa lililoko jikoni kwako limetoka porini, na mapori ya Handeni yamekuwa yakilisha majiko ya mijini kwa miaka mingi. Pori likikatwa, nyani haendi mbinguni, anaenda kwenye mahindi. Tatu, unga wa sembe unaoupika kwa mkaa huo umeamiwa na mtu kama yule wa Mashewa, na bei uliyolipa dukani haikuhesabu usiku hata mmoja wa dunguni.

Basi deni lipo, na mdai anajulikana. Mwenye kuamia anamdai mwenye kutazama, na mnyama anawadai wote wawili. Kulilipa si jambo la ajabu. Anayekwenda baharini amwambie nahodha kabla ya kung'oa nanga kuwa hataki kumfukuza mnyama, na asimnyime malipo yake kwa sababu tu nyangumi hakuonekana. Wawakilishi wetu waulizwe ni kwa nini fedha za kutazama zisifike kwenye vijiji visivyo na lango, na ni kwa nini haki ya mkulima iitwe jasho. Na wazee na walimu wetu, wanapotufundisha juu ya haki za jirani, wamtaje na jirani huyu ambaye hatumuoni, anayekesha juu ya miti minne na debe mkononi, akimlinda mtoto wake dhidi ya njaa kwa kumfukuza mnyama ambaye ni wetu.

Wabillahi tawfiq.