Nyumba ni ya Wawili

Huenda mwenzi wako alitangulia Ujerumani kufanya kazi ya uuguzi, nawe sasa unamfuata. Nyumba ya kupanga huko mara nyingi hukabidhiwa tupu: hakuna jiko wala kabati, pengine hata taa. Mwenye nyumba aweza kudai amana ya hadi kodi ya miezi 3. Nawe ukishahamia una majuma 2 tu ya kujiandikisha katika ofisi ya manispaa.

Hapo ndipo ndoa hujaribiwa. Aliyetangulia huanza kusema "nyumba yangu", na aliyefuata hukaa kama mgeni, akiogopa hata kusogeza kiti. Lakini Mwanzo 2:24 yatufundisha kwamba mume na mke ni mwili mmoja. Basi asiwepo mwenyeji na mgeni.

Ketini pamoja kabla ya kununua sufuria ya kwanza. Hesabuni fedha zote waziwazi, pamoja na zile za kutuma kwa wazazi. Andikeni majina yenu yote mawili kwenye sanduku la barua, maana huko barua hufuata jina, si nambari ya chumba. Kisha salini pamoja usiku huo, hata kama mmeketi sakafuni.