Mzigo wa Msafara na Furushi la Mpagazi



Somo la mwezi huu ni Wagalatia sura ya 6, mistari mitano ya kwanza. Someni kwanza nyumbani, kisha mrudi katika ukurasa huu.

Msomaji makini ataona shida mara moja. Katika mstari wa pili Mtume Paulo ataka Mkristo aingie chini ya mzigo wa mwenzake na kuuinua pamoja naye. Katika mstari wa tano asema kila mmoja anao wa kwake, naye ndiye atakayeubeba. Je, Mtume alisahau aliyoyaandika mistari mitatu nyuma? Sidhani. Babu zetu wa Unyamwezi wangalimwelewa bila kufasiriwa.

Hapa Unyanyembe ndipo zilipokutana njia za misafara: ile itokayo Bagamoyo, ile iendayo Ujiji, na ile ya kaskazini iendayo Karagwe na Buganda. Mpagazi wa Kinyamwezi aliajiriwa kwa ujira, akatwikwa mali ya tajiri: majora ya nguo, shanga, waya wa shaba, au pembe ya ndovu. Mzigo ulikuwa yapata kilo 30, na kutoka pwani mpaka hapa ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi. Lakini pamoja na mzigo huo alifunga na vitu vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia, chungu, chakula kidogo. Mpagazi akiugua, mzigo wa msafara uliweza kugawiwa wenzake. Lile furushi dogo liliendelea kuwa lake. Basi Paulo anasema habari za vitu viwili. Tena tusisahau kwamba katika njia hiyohiyo walipita watumwa waliofungwa, watu wasioulizwa kama wanataka kubeba.

Nimeyawaza haya kwa sababu ya mtu wa zama zetu ambaye kazi yake imekuwa njia. Sisi wa Tabora hatuhitaji kufundishwa baiskeli ni nini. Kila asubuhi twaziona zikiingia mjini na magunia ya mkaa. Lakini wako wanaoiendesha kwa mshahara, na mmoja wao aliyepata sifa kuu alizaliwa jirani zetu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, wazazi wake wakiwa watu wa asili ya Kiingereza. Alipokuwa mtoto, mama yake alimpeleka kwa David Kinjah, aliyekuwa nahodha wa timu ya baiskeli ya Kenya, akiishi Kikuyu nje ya Nairobi na kufundisha vijana wa kijijini. Huko mtoto yule alijifunza kutengeneza baiskeli, akala ugali na sukuma wiki pamoja na wenzake, akapanda vilima nyuma ya gurudumu la mwalimu wake. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne. Mwaka 2008 alichukua leseni ya Uingereza, na mwaka huohuo mama yake alifariki kwa saratani, majuma machache kabla ya kijana huyo kushiriki kwa mara ya kwanza mbio kubwa za Ufaransa ziitwazo Tour de France.

Miaka miwili baadaye mwili wake ukawa hauna nguvu, leo mzima, kesho hoi. Mwisho wa mwaka 2010 madaktari wakagundua ni kichocho. (Vijana wanaokwenda kuoga mabwawani wasikie hapo. Dawa ipo, lakini mtu hatibiwi asipopimwa.)

Sasa niwaeleze jinsi mbio hizo zinavyokwenda, maana ndipo lilipo somo letu. Tour de France ni karibu kilomita 3,500 kwa muda wa majuma matatu, karibu mara tatu ya njia ya Bagamoyo mpaka Ujiji, tena juu ya milima mirefu. Mzigo mkubwa wa waendeshaji ni upepo. Anayetangulia huupasua, anayemfuata karibu na gurudumu lake huokoa yapata theluthi ya nguvu zake. Kwa hiyo hakuna ashindaye peke yake. Katika mwaka nitakaoutaja timu ilikuwa ya watu tisa, mmoja kiongozi, na wanane wa kumkinga na upepo, kumletea chupa za maji, na hata kumpa gurudumu lao akipata pancha. Wafaransa humwita msaidizi wa namna hiyo kwa neno lenye maana ya mtumishi wa nyumbani. Kwetu kanisani mtumishi ni jina la heshima, mtu huitwa hivyo akasimama mbele na kupewa kiti. Kule mtumishi hufika wa themanini, na jina lake halisomwi.

Mwaka 2012 kiongozi alikuwa Mwingereza Bradley Wiggins, na Froome alikuwa mtumishi wake wa milimani. Siku moja, katika kupanda La Toussuire, mtumishi alionekana kuwa na nguvu kuliko bwana. Alimtoka, akaanza kwenda. Mara akaambiwa kwa redio iliyo sikioni mwake amngoje Wiggins, naye akapunguza mwendo. Siku chache baadaye, milimani Peyragudes, ikawa vilevile: yeye mbele, akigeuka nyuma na kumwita mwenzake kwa mkono. Dunia nzima iliona kwamba hakuridhika. Lakini alingoja. Wiggins akashinda, Froome akawa wa pili.

Mwaka uliofuata zamu ikawa yake. Alishinda mwaka 2013, akamshukuru marehemu mama yake hapo Paris, akashinda tena 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2018 alishinda na mbio za Italia. Kisha tarehe 12 Juni 2019, akiikagua njia huko Ufaransa, aliondoa mkono mmoja kwenye usukani apenge kamasi. Upepo ukalipiga gurudumu la mbele, akagonga ukuta. Akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Siku ya pili yake, yeye akiwa hospitalini, ikatangazwa kwamba aliyemshinda katika mbio za Hispania za mwaka 2011 amepatikana na hatia ya kutumia dawa zilizokatazwa. Hivyo ushindi wa miaka minane nyuma ukamfikia kitandani. Hakushinda mbio kubwa tena.

Mhubiri angeweza kuishia pale Paris, na kusema: vumilia katika utumishi wako, na zamu yako itakuja. Mimi mahubiri hayo siyapendi, kwa sababu si kweli kwa watu wengi. David Kinjah hakuvaa jezi ya manjano. Wale wengine saba waliomkinga Wiggins, wangapi kati yetu twawajua?

Na hapa kwetu tuna ushuhuda mkubwa zaidi. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, akiwangoja wapagazi. Alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma na Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakauchukua mabegani. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike hapahapa. Walikataa. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Huko Waingereza wakaupokea, wabebaji walio wengi wakalipwa ujira wao wakaenda zao. Siku ya maziko katika kanisa la Westminster, tarehe 18 Aprili, kati ya waliotembea miezi ile yote alikuwako Jacob Wainwright peke yake. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, kaburi limekwisha kufunikwa.

Tumwambie nini mtu wa namna hiyo? Someni Marko 15, mstari wa 21. Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika, alikuwa anatoka shamba. Hakujitolea, askari walimshurutisha. Alibeba mti usio wake mpaka mahali pa kifo kisicho chake, na hatusomi kwamba alipewa hata maji. Lakini angalieni ni nani aliyekuwa mbele yake katika njia ile. Mti uliweza kuhamia bega la mwingine. Kilichokuwa ndani ya Bwana wetu, dhambi zetu na mauti yetu, hakuna aliyeweza kumpokea, naye alikwenda nacho peke yake. Simoni alisaidiwa zaidi ya alivyosaidia, pengine bila kujua siku ile. Na Marko anawataja wanawe kwa majina, Iskanda na Rufo, kama watu wanaojulikana kanisani.

Katika parishi yetu wako kina mama wanaouguza mgonjwa mwaka wa pili sasa. Wako vijana waliokatisha masomo ili wadogo zao wasome. Tusiwaendee na maneno ya zamu yenu itakuja. Hatujui kama itakuja. Waendeshaji baiskeli hupokezana upepo. Nenda ukalale hospitalini usiku mmoja badala ya yule mama, naye alale kitandani kwake. Huzuni yake hutaweza kuibeba, wala asikudanganye mtu kwamba utaweza. Ndoo ya maji na kuni utaweza.

Tena wako wainjilisti wetu wa vijijini, wanaopita njia za mchanga kwa baiskeli ili watu wapate neno siku ya Bwana. Baada ya ibada ya Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tutapokea sadaka ya matairi na tyubu. Mwenye pampu nzima asiyoitumia aiache kwa katibu wa parishi, na wanaojua kunyoosha rimu wabaki kidogo nyuma ya kanisa.