Haki ya Mgonjwa Aliye Mbali

Ndugu zetu Waislamu,

Huko Eldas, katika kaunti ya Wajir, wako ndugu zetu wafugaji ambao ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliwaangamizia mifugo mingi. Mgonjwa wao hupambana na mambo mawili: maradhi, na masafa ya kumfikia tabibu.

Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya Serikali ni SHA. Asiye na mshahara hutakiwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Asipoutoa, akilazwa hospitali hujilipia mwenyewe.

Sisi wa mijini hutumia zaidi ya hizo kwa pilau ya hitima moja, na maiti hanufaiki na shibe yetu. Je, si bora sadaka hiyo imlipie fukara mwaka mzima? Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Maida, aya ya 32, amelitukuza mno jambo la kuokoa nafsi moja.

Lakini kadi si dawa. Tangu 2013 zahanati zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi na tuwaulize tuliowachagua, wao wa kule na sisi wa huku: mkunga yuko? Dawa ziko? Kunyamaza ni kuipoteza amana.

Wabillahi tawfiq.