Wali Ulikuja Mwisho

Bakuli lilikuwa jeusi. Ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya chipukizi la mwanzi, mwani kidogo na jani moja bichi, dogo kuliko ukucha wangu. Mhudumu alipiga magoti, akaliweka mbele yangu, akasema chipukizi limechimbwa leo kabla ya jua kuchomoza. Profesa akanitafsiria ingawa nilikuwa nimeelewa. Nilimwacha. Ilikuwa karamu yake.

Tulikuwa Kyoto, mwezi wa Aprili. Profesa alikuwa amestaafu miaka mingi, lakini kila Jumanne alikuja maktaba ya chuo kusoma magazeti, na huko ndiko tulikozoeana. Nilipomaliza shahada yangu alisema lazima nile kaiseki kabla sijarudi Tanzania. Alipiga simu wiki mbili kabla kuwaambia kwamba mgeni wake ni Mwislamu, hali nguruwe na hatumii pombe hata iliyofichwa kwenye mchuzi. Mpishi alikubali, na kwao hilo si jambo dogo, maana pombe ya mchele imo karibu katika kila chungu.

Kaiseki ni mlo wa sahani nyingi ndogondogo zinazofuatana kwa utaratibu: kitangulizi, supu, samaki mbichi, cha kuchoma, cha kuchemsha, na kadhalika hadi tunda. Ukiondoa ufundi wote, kinachouzwa pale ni mwezi. Kila sahani lazima iseme ni mwezi gani. Wajapani wana maneno matatu kwa ajili ya kitu kimoja kinacholiwa: hashiri kinapoanza kuonekana, shun kinapokolea, nagori kinapoaga. Mpishi mzuri anajua leo yuko kwenye neno lipi. Chipukizi la mwanzi huanza kuingia ukakasi tangu linapong'olewa ardhini, ndiyo maana wachimbaji wa magharibi ya Kyoto huingia mashambani alfajiri. Likichelewa, huchemshwa na pumba za mpunga ili ukakasi utoke. La kwetu halikuchelewa. Lilikuwa na utamu wa mahindi mabichi, yale ya kwanza unayovunja shambani ukala bila ruhusa.

Nilikuwa nimetazama bei kabla, jambo ambalo mgeni hapaswi kufanya. Yeni 30,000 kwa mtu, kama laki tano za kwetu kwa kiwango cha siku zile. Nilikataa kuhesabu ni magunia mangapi ya mahindi. Halafu nikahesabu.

Lakini si hesabu hiyo inayonifanya niandike. Majuto ya namna hiyo ni rahisi mno: unajilinganisha na wenye njaa, unasikitika, unameza. Profesa asingetoa fedha zile, zisingefika Kondoa. Kilichonisumbua kilikuja na sahani ya nne.

Zilikuwa mboga za porini. Mhudumu alizitaja moja moja, na mojawapo ilikuwa warabi, machipukizi ya kangaga yaliyojikunja vichwa kama mtu anayesinzia. Profesa alieleza kwamba mabichi yana sumu na uchungu, hivyo hulowekwa katika maji ya moto yenye majivu. Nikacheka kwa sauti, pale ambapo hapachekwi. Nilikuwa nimemwona bibi yangu akichota maji ya magadi kwa kijiko na kuyamimina kwenye mlenda unaochemka.

Kwetu mvua ni moja tu kwa mwaka. Inaanza Desemba, inaisha Aprili, na mavuno ni kuanzia Mei. Katikati hapo, Januari mpaka Machi, ghala linakuwa limebaki vumbi na mahindi shambani yangali majani. Ndiyo miezi ambayo mlenda wa porini unaota. Bibi aliuchuma, tukala. Uliozidi aliuanika, akautwanga, akautia kibuyuni kwa ajili ya kiangazi. Alijua mwezi kwa kutazama majani kuliko mtu yeyote niliyekutana naye Kyoto. Hakuna aliyemwita msanii.

Warabi nayo ina historia hiyo. Mwaka 1802, baada ya njaa kubwa za karne ya 18, watawala wa Yonezawa, kaskazini mwa Japani, walitoa kitabu kiitwacho Katemono. Kiliwaeleza wananchi mimea ya porini wanayoweza kula mpunga ukikosekana, na jinsi ya kuitayarisha isiwadhuru. Wakati wa njaa watu walichimba hata mizizi ya warabi, wakaiponda kupata unga. Profesa alinieleza haya huku akiokota machipukizi yake kwa vijiti, bila haraka, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za ukoo mwingine.

Kisha akanieleza jina. Kuna namna mbili za kuandika kaiseki, na siku hizi zimechanganyika. Moja ina maana ya watu kukaa pamoja kwa karamu. Nyingine, inayotumika katika adabu za chai, ina alama mbili: kifua, na jiwe. Husimuliwa kwamba watawa wa Zen, ambao hawakuruhusiwa kula jioni, walichoma jiwe, wakalifunga kwa kitambaa na kulitia ndani ya joho, likae tumboni kuwapunguzia baridi na njaa. Sen no Rikyu, bwana wa chai aliyefariki mwaka 1591, anasifiwa kwa kuurudisha mlo wa chai kwenye kiasi: wali, supu moja na vitoweo vitatu. Basi chakula cha yeni 30,000 kimepewa jina la kitu unachoshika usipokuwa na chakula.

Nikakumbuka hadithi tuliyosimuliwa chuoni na maalimu, ya Khalifa Umar kumkuta usiku mwanamke anayechemsha mawe ili wanawe wadhani chakula kinaiva, walale. Maalimu alitaka tujifunze habari za kiongozi anayebeba gunia la unga mgongoni mwake. Mimi siku zote nilibaki na yale mawe.

Hapa ndipo swali langu lilipo. Vitu vilivyokuwa pale mezani, kiasi, subira, kushukuru kwa jani moja, kula kilichopo leo kwa kuwa kesho hakipo, ni tabia njema. Nimefundishwa kuziheshimu. Lakini waliozizaa hawakuzichagua. Bibi hakula mlenda Februari kwa kuwa aliustahi Februari. Mtu anayeweza kula nyanya mwezi wowote na akaamua kungoja, je, ana fadhila ileile, au ana picha yake tu?

Kwa muda nilitaka kusema ni picha. Lilikuwa jibu tamu, lingenipa ubora fulani pale mezani. Nililiacha kwa sababu ya Profesa.

Alikuwa na miaka saba vita vilipokwisha mwaka 1945. Nyumba yao Osaka iliungua. Mavuno ya mpunga ya mwaka ule yalikuwa mabaya, na viwanja vya shule vilikuwa vimegeuzwa mashamba ya viazi vitamu. Familia yake ilikula viazi, ikala majani yake, ikala na mashina. Tangu alipoweza kujinunulia chakula hajaweka kiazi kitamu mdomoni. Katika mkahawa ule wanalijua hilo. Vuli inapofika, viazi vikiwa kwenye utamu wake, sahani yake huja na kitu kingine. Warabi anaila kwa furaha. "Kwa sababu njaa ya warabi ilikuwa ya babu wa babu yangu," alisema. "Ya viazi ilikuwa yangu."

Mama yangu ni hivyohivyo. Anaishi Dodoma mjini sasa, ambako mlenda huuzwa hotelini kama chakula cha asili na wageni huupiga picha. Yeye haugusi. Nikiwa likizo nikiagiza, ananitazama ninavyovuta ute kwa tonge, kisha anatazama pembeni. Mimi naupenda mlenda. Naona uzuri katika mikono ya bibi, kibuyu, moshi wa jikoni. Na ninaweza kuuona kwa sababu moja tu: miezi ile mama alihakikisha nakula kwanza. Uzuri wangu umelipiwa, kama warabi ya Profesa ilivyolipiwa na watu wasio na majina.

Kwa hiyo sijui kama nina ruhusa. Profesa hakudhani ruhusa inahitajika. Alidhani kinachohitajika ni kujua unakula njaa ya nani. Sikukubaliana naye kabisa. Mtu anaweza kujua vizuri sana na bado asiwe amemrudishia mwenye njaa chochote. Tulibishana kwa adabu mpaka mhudumu akaleta wali uliopikwa na chipukizi la mwanzi, kachumbari za kuchachushwa na supu ya mwisho. Wali wao huja mwishoni, kwa wale ambao bado hawajashiba. Profesa alimaliza wake hadi punje ya mwisho, akainua bakuli kulitazama ndani. Nami nikafanya vivyo hivyo. Nyumbani kwetu kuacha punje kulikuwa ugomvi.

Usiku ule nilimpigia mama. Nilimwamkia, nikamweleza kila kitu, bakuli jeusi, jani, kangaga na majivu yake. Bei sikuitaja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sahani ngapi?"

"Tisa, mama."

"Mlishiba?"

Nikasema tulishiba, walileta wali mwishoni.

"Mwishoni?" akauliza. "Na mgeni asipofika huko mwishoni?"

Nikamwambia nitamuuliza Profesa, Jumanne.