Kuhasi paka ni haramu, kuwatupa je?



Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Micheweni, Kaskazini Pemba. Siku moja nilikuwa nikisomesha ile hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Kijana mmoja akanyanyua mkono: “Ustadh, na anayewatia watoto wa paka poloni akenda kuwatupa je?”

Nilinyamaza. Wiki ile ile nilikuwa nimewabeba watoto wanne wa paka wetu ndani ya polo, hata macho hawajafumbua, nikawaacha karibu na diko la Tumbe. Nilijiambia kuwa pale hapakosekani vichwa vya samaki. Lakini kiumbe asiyefumbua macho hali samaki. Ananyonya au anakufa. Baada ya darasa nilirudi Tumbe. Sikuwakuta.

Kilichonisuta zaidi ni kuwa kabla ya hapo jirani yangu aliniuliza iwapo inajuzu kumpeleka paka wake kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi. Nilimjibu hapo hapo: “Haramu, huko ni kubadili maumbile ya Allah.”

Ndugu msomaji, jibu lile lina asili, lakini halikukamilika. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Allah (s.w.) ametueleza kiapo cha Iblis cha kuwaamrisha watu wabadili alichoumba. Wapo wafasiri waliosema kuwa kuhasi kunaingia humo, na wapo waliosema kinachokusudiwa ni kubadili dini ya Allah. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi ameeleza kuwa kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu. Wanavyuoni wa Hanafi wao wameruhusu, hata kwa paka, panapokuwa na manufaa au kuondosha madhara. Na katika zama zetu, Sheikh Ibn Uthaymin alijibu kuwa paka wakizidi wakawa udhia, na upasuaji usiwadhuru, hapana ubaya, kwani ni bora kuliko kuwaua baada ya kuumbwa.

Hivyo basi, suala hili lina khilafu. Lakini je, kuna mwanachuoni aliyehalalisha kutupa vichanga wafe kwa njaa na jua? Paka jike hubeba mimba miezi miwili tu, na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Anayekataa kuhasi kwa kuogopa Allah, basi kwa khofu ile ile awalishe wote wanaozaliwa au awatafutie wenyewe.

Mbwa naye asisahauliwe. Mtume (s.a.w.) ameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Anayemfuga kwa haja hiyo ana dhima ya kizazi chake, kisizagae mitaani kikipigwa mawe. Kichaa cha mbwa kilichorejea Pemba mwaka 2016 kilidhibitiwa kwa kuwachanja mbwa, na mbwa mwenye mtu wa kumshika ndiye anayechanjika kwa wepesi.

Atakayechukua kauli ya ruhusa, basi achunge ihsani. Kazi hiyo aifanye daktari wa mifugo, kwa dawa ya usingizi, na mnyama auguzwe mpaka kidonda kipone. Si kwa wembe uani. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha ihsani hata wakati wa kuchinja, tunoe kisu na tumpumzishe mnyama.

Nimekwenda kwa jirani yangu nikamwambia kuwa nilimjibu kwa pupa. Darasani pia nimekiri mbele ya wanafunzi wangu. Nawe msomaji uliye mjini, ambaye polo lako huishia jalalani au sokoni, jiulize swali la kijana yule kabla hujaulizwa na Mola wako.

Wallahu a'lam.